Nekesa Hakuwa Mwongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Sista Mkuu wa zahanati yetu pale Kibera alinikuta nimesimama nje, leso imefungwa kiunoni, akaniangalia kuanzia kichwa mpaka viatu.

"Wewe ndiye yule mama muuza samaki, wa omena?"

"Ndiyo, Sista."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne. Baba aliaga dunia, nikatoka."

"Kuhesabu unajua?"

"Nimepimia watu omena miaka kumi. Hakuna aliyerudi kulalamika."

Hakucheka. Alinipa daftari kubwa la jalada gumu na kalamu mbili, moja ikiwa imeshatafunwa na mtu mwingine. "Omena ilikuwa inakunyamazia," akasema. "Watu watakuongelesha. Andika unachoona. Usiandike unachodhani." Kisha akaniambia niende nikaanze na ploti ya vyumba vya kupanga iliyokuwa nyuma ya zahanati, na nisirudi kabla ya saa saba.

Nawaandikia nyinyi wahudumu wa afya wa siku hizi, mnaobeba simu pahali sisi tulibeba daftari. Mnaniita Shosho, yaani nyanya, na mnanisalimia "niaje", sina neno. Lakini kazi nimeifanya mpaka magoti yakakataa, na kuna jambo moja nililolifanya vibaya ambalo nataka mlijue kutoka kwangu mwenyewe, si kwa mdomo wa jirani.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mhudumu alipewa kaya zake. Kaya ni watu wanaokula sufuria moja, hata kama wanalala vyumba viwili. Unaingia, unasalimia, unauliza nani mgonjwa, nani mjamzito, mtoto amechanjwa au bado. Ukiona jambo linalokushinda unaandika rufaa, yaani karatasi ya kumpeleka mtu kwa daktari. Hiyo karatasi ina nguvu kuliko mnavyofikiria. Daktari ana watu sitini kwenye benchi. Hana wakati wa kumjua mtu. Anasoma ulichoandika wewe, anaamini.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya kina mama na watoto. Halafu sukari ikaja. Si kwamba haikuwepo, ni vile hatukuwa tunaipima. Tukapewa glukomita, kale kamashine ka kutoboa kidole na kusoma tone la damu, na afisa wa afya ya jamii, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wetu, akatufundisha kuanzisha vikundi vya kutembea. Alituambia kuna mazoezi ya kuinua vitu vizito na kuna mazoezi ya pumzi. Ya pumzi ni kutembea mwendo wa kuongea bila kuweza kuimba. Ukiweza kuimba, umezembea. Ukishindwa hata kuongea, umezidisha. Nusu saa, siku tano kwa wiki. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwa damu kama vile jiko linavyokula makaa.

"Anayetembea, sukari itashuka," akasema. "Asiyetembea haitashuka."

Niliyashika maneno hayo kama Amri Kumi.

Kuwafuatilia watu ndiyo ilikuwa shida. Nani atasimama Kibera nzima kuhesabu? Nikabuni njia yangu. Kila mtu wa kikundi nilimpa mkebe na maharagwe ya nyayo, yale mekundu yenye madoa. Siku ukitembea, unatia haragwe moja kwa mkebe. Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, unakuja na mkebe wako, tunahesabu maharagwe, kisha tunatoboa kidole. Sukari ikiwa imeshuka, kikundi kinakupigia makofi. Ikiwa haijashuka, unasimama mbele ya wenzako na kueleza kwa nini. Hayo ya kusimama hakunifundisha mtu. Yalikuwa yangu.

Na yalifanya kazi. Kulikuwa na baba mmoja mshona viatu, mcheshi, hajawahi kukosa haragwe hata moja, lakini sukari iko juu kama bendera. Jumamosi moja nikamwaga mkebe wake mezani, nikakuta nyayo tatu na njahi mbili, yale maharagwe meusi, za kutoka jikoni kwake.

"Baba, mimi nilikupa nyayo."

Akaokota njahi moja, akaigeuza. "Mama, labda zimeiva."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baada ya hapo alitembea kweli, na sukari ikashuka kweli. Sista Mkuu akanisifu mbele ya wageni, kwamba huyu mama hadanganyiki. Sifa hiyo iliniingia. Nilianza kumwangalia kila mtu kama ana njahi mfukoni.

Kisha mwanangu akapata kazi upande wa Kawangware, akanihamishia huko, chumba kimoja kwenye mtaa unaoitwa Kongo. Sista Mkuu aliniandikia barua ya uhamisho, nikaipeleka kwa afisa wa kliniki wa zahanati ya huko. Afisa wa kliniki si daktari wa digrii, lakini ndiye anayetibu watu wengi mtaani, na wote tulimwita Daktari. Huyu alikuwa kijana mrefu, mpole, asiyemaliza chai yake. Alisoma barua akasema, "Wanasema wewe ni mkali."

"Mimi ni wa kweli."

"Haya. Kikundi cha kutembea kichukue wewe."

Katika kikundi hicho walikuwa dada wawili kutoka upande wa Bungoma, Nekesa na Nafula. Baba mmoja, mama mmoja, wamepishana miaka miwili. Walikuwa wamepanga chumba kimoja na walikula sufuria moja. Nekesa, mkubwa, alikuwa anauza githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, karibu na steji ya matatu inayoitwa 56. Nafula alikuwa anafulia watu nguo. Wote wawili waligundulika na sukari mwaka mmoja, wote walipewa dawa ya aina moja, na wote walianza kutembea siku moja, alfajiri, kabla ya kazi. Nafula hakupenda. Alitembea akinung'unika kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Nekesa ndiye alikuwa anamwamsha.

Baada ya miezi mitatu Daktari alipima damu yao kwa kile kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokaa miezi mitatu yote, si ya leo asubuhi tu. Ya Nafula ilikuwa imeshuka vizuri. Ya Nekesa ilikuwa pale pale, kama hajawahi kuinua mguu.

Jumamosi nikamsimamisha.

"Eleza."

"Mama, nimetembea."

"Mashine haidanganyi, Nekesa."

"Hata mimi sidanganyi. Mkebe si huo hapo? Hesabu."

Nilihesabu. Maharagwe matano, ya nyayo, safi. Na hapo ndipo niliposema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia ladha yake mdomoni. Nilisema, "Mtu anayeuza githeri, maharagwe yatamwishia?"

Kikundi kikacheka. Nilitaka wacheke.

Nafula akasimama. "Mama, mimi ndiye natembea na yeye. Anafika mbele yangu."

"Wewe ni dada yake. Utamfunika." Nikawageukia wengine. "Chumba kimoja, chakula kimoja, dawa moja, tumbo moja. Mmoja ameshuka, mwingine hajashuka. Sasa nani hajui hesabu hapa?"

Nekesa alichukua mkebe wake akakaa. Mimi nikafungua daftari, na mbele ya jina lake nikaandika neno moja: Hatembei. Kwenye rufaa ya Daktari nikaandika hilo hilo.

Kumbukeni nilichowaambia kuhusu karatasi. Daktari alikuwa amekusudia kumwongezea Nekesa dawa ya pili. Aliposoma kwamba hatembei, akaona heri kwanza atembee, kwa nini umtwike mtu dawa kabla hajajaribu miguu yake? Akamrudisha nyumbani na dawa ile ile. Hakukosea. Alitibu karatasi niliyompa.

Wiki zilizofuata Nekesa alileta maharagwe saba kila Jumamosi badala ya matano. Kisha kumi. Nikamuuliza wiki ya kwake ina siku ngapi. Akasema anatembea asubuhi na tena jioni baada ya kufunga kibanda. Alikuwa amekonda. Sukari haikushuka, ilipanda. Nikajiambia, sasa nitamshika na njahi zake.

Nilijua anatoka saa kumi na moja na nusu. Siku moja ya Jumanne nikajifunga shuka, nikasimama kwenye kona ya ploti yao, nikamfuata. Nafula hakuwepo, alikuwa amepata kazi ya kufua mbali na akaondoka mapema zaidi. Mawazo yangu yalikuwa kwamba Nekesa atafika 56, ataingia hoteli, ataagiza chai ya maziwa na mandazi mawili, na mimi nitaingia nikae meza ile ile, nimwambie habari ya asubuhi.

Alipita 56 bila kugeuza shingo. Akashika Naivasha Road. Mwendo wake ulikuwa ule ule tuliofundishwa, wa kuongea bila kuimba, labda zaidi kidogo. Vibarua wa mjengo walikuwa barabarani na chakula chao kwenye mifuko, akawapita. Nikaanza kutoa jasho. Tulipokaribia Ngong Road nilikuwa namwona leso tu, nyekundu, ikiingia na kutoka katikati ya watu. Akakunja, akaelekea upande wa Kibera, kama aliyetumwa kwangu kwa zamani. Mimi nikaona jiwe mbele ya duka la mbao, nikakaa. Pumzi ilikuwa imekataa kabisa.

Niliinamisha kichwa. Nilipokiinua, Nekesa alikuwa amesimama mbele yangu.

"Mama. Umechoka?"

Nilitikisa kichwa kukubali, nikihema.

"Nilikuona tangu Kongo," akasema. "Nikasema wacha atembee kidogo. Inasaidia."

"Unaenda wapi, Nekesa?"

"Naenda mpaka soko la Toi, nageuka. Jioni tena." Akaniangalia. "Ulidhani naenda kula mandazi?"

"Ndiyo."

"Sijala tangu jana mchana. Nilifikiri nikikata chakula na nikiongeza mwendo, hiyo mashine yako itaniamini."

Nilitazama chini kwa aibu, na ndipo nikaona mguu wake wa kulia. Alivaa raba za mtumba, na pale kwenye kidole kidogo kitambaa kilikuwa na duara la rangi ya chai, katikati likiwa jeusi.

"Vua kiatu."

"Si kitu. Hakiumi."

Nyinyi mliosoma mnajua kwamba hilo neno ndilo baya zaidi. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya miguu, inaleta ganzi, na mtu anaweza kutembea juu ya msumari akidhani ni soksi imekunjika. Mguu wa sukari unaouma una nafuu. Usiouma ndio wa kuogopa. Nilimvua kiatu mimi mwenyewe, pale pale barabarani, watu wakipita. Malengelenge yalikuwa yamepasuka siku nyingi. Kidole kilikuwa kimebadilika, na harufu iliniambia mengine.

"Kwa nini hukuonyesha mtu?"

"Ningeonyesha nani? Ungesema nimejikata makusudi nisitembee."

Tulirudi kwa bodaboda, watu watatu kwa pikipiki moja, jambo ambalo nimewakataza watu maisha yangu yote.

Daktari alisafisha kidonda, akaandika rufaa ya hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kabla gari halijapatikana alifunga mlango akaniuliza taratibu, "Mama, uliniandikia huyu hatembei. Ulimwona hatembei?"

"Hapana."

"Uliona nini?"

"Niliona mashine."

Hakunifokea. Angenifokea ningelala vizuri. Siku zile tulingoja kujua kama mguu utakatwa, na kama ni kwenye kifundo, au goti, au vipi. Mwanamke wa githeri asiye na mguu atasimamaje kibandani siku nzima? Nafula alilala hospitalini kwenye benchi. Nilipopeleka uji alichukua chupa akageukia ukuta.

Mwisho kidole kimoja kilienda, kile kidogo. Mguu ukabaki.

Nekesa aliporudi kliniki, Daktari alituita sote watatu, yeye na dada yake na mimi, akajaribu kutueleza. Alisema watafiti wa nchi nyingi wamechukua watu wakawatembeza na kuwaendesha baiskeli mazoezi yale yale, kwa muda ule ule, wakiwaangalia kwa macho, na bado miili haikujibu sawa. Mmoja sukari inashuka sana, mwingine kidogo, mwingine haionekani kushuka kabisa. Sehemu ya tofauti hiyo inatoka kwa jeni, yale maandishi madogo ndani ya mwili tunayoachiwa na baba na mama, ambayo yanauambia msuli uchome vipi mafuta na uvute vipi sukari. Na si jeni moja ambayo utaikamata useme ni hii. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo.

"Lakini sisi ni wa tumbo moja," Nafula akasema.

"Tumbo moja halimaanishi maandishi sawa. Kila mtoto anachukua nusu ya baba na nusu ya mama, lakini si nusu zile zile."

Nekesa alikuwa ameinua mguu wenye bandeji juu ya stuli. Akasema, "Kama kupakua githeri."

"Vipi?"

"Sufuria ni moja, mwiko ni mmoja. Lakini sahani ya kwanza inatoka na maharagwe mengi, ya pili mahindi. Mteja analalamika umempunja, na wewe hujampunja. Ndivyo mwiko ulivyoingia."

Daktari akaweka chai chini. "Hapo hapo. Sitaeleza tena, nitawatuma kwako."

"Basi nilitembea bure?"

"Hapana. Presha yako imeshuka. Moyo wako una nguvu kuliko wa huyu mama aliyekufuata." Akageuza kikombe. "Mazoezi yanafanya kazi nyingi, na sukari ni moja tu kati ya hizo. Na sijui kwa hakika ni jeni peke yake. Pengine kongosho lako limechoka zaidi kuliko la dada yako, pengine umekaa na sukari miaka mingi bila kujua. Hapa sina mashine ya kusoma hayo. Ninachojua ni kwamba uliambiwa utembee, ukatembea, na haikutosha. Dawa ya pili ungepata mapema."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Nekesa ndiye aliniangalia.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mahali nilipozoea kuwasimamisha wengine. Si rahisi. Pale mbele panaonekana padogo ukiwa umekaa. Nikawaambia kikundi: Nekesa alitembea. Mimi niliandika nilichodhani. Nikafungua daftari, nikakata lile neno kwa mstari mmoja, sikulifuta, nikaandika juu yake: Anatembea, sukari haishuki, apewe dawa. Nikalipitisha daftari mkono kwa mkono kila mtu aone, hata wasiojua kusoma.

Nafula akauliza, "Ulichelewa wapi, Mama?" Nikamjibu, "Kwenye kiburi."

Makofi ya sukari yakaisha siku hiyo. Tulibaki kupigiana makofi ya kufika. Na nikaongeza mambo mawili kwenye kazi yangu ambayo hayakuwa kwenye fomu. Kwanza, kabla ya kutoboa kidole, kila mtu avue viatu tuangalie miguu, katikati ya vidole na chini ya kisigino. Pili, nikaanza kuuliza nyumbani kwenu nani ana sukari, nani alikuwa nayo, na walipotembea au kulima ilikuwaje. Watu wanajua mengi kuhusu damu yao wakiulizwa bila kushtakiwa. Mama mmoja aliniambia, "Kwetu wote tunalima mpaka jua linazama na wote tuna sukari. Nilifikiri tumerogwa." Nikamwambia hamjarogwa, ila wewe usingoje miguu ikuponye peke yake, nenda pia kwa Daktari. Nikamwandikia rufaa ndefu. Vijana wa kliniki walianza kunitania kwamba rufaa zangu ni kama barua za posa.

Sasa nimestaafu. Hakukuwa na saa ya ukutani wala keki. Daktari alinishika mkono, nikarudisha daftari la kaya, nikabaki na kalamu. Vijana huniuliza kama basi haina haja kuwaambia watu watembee, maana wengine haiwafaidi. Hiyo ni akili ya kukwepa kazi. Mwambie kila mtu atembee. Kila mtu. Lakini usimuahidi atakachopata, na akirudi mikono mitupu usimwite mwongo. Mwili wake haujasaini mkataba na wewe.

Mwaka huu mimi mwenyewe nimeambiwa nina sukari. Sikushangaa, mama yangu alikufa na miguu imevimba na hakuna aliyempima. Nikarudi kwenye kikundi cha Kongo, safari hii nikiwa mwanachama, na mkebe wangu na nyayo zangu. Mhudumu anayekiongoza sasa ni Nekesa. Alifanya mafunzo, akapita, na bado anauza githeri mchana. Anachechemea kidogo akianza kutembea, akishika mwendo huwezi kujua.

Nimetembea miezi mitatu. Jumamosi iliyopita nilienda kabla ya chai, kidole nimeshakitoa nje, nikiogopa kama mtoto wa shule. Mashine ilikuwa mezani. Nekesa hakuigusa. Alivuta stuli akakaa chini mbele yangu, akatandika gazeti.

"Vua viatu kwanza, Mama," akasema. "Mashine itangoja."